BAISKELI YA MILIONI 20, KOFIA YA ELFU 20! STAA WETU, HII KIKI ITAUA WATOTO WA WATU

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, wala nani kahamia kwenye nyumba ya kupanga akasema kajenga. Leo nina hasira, kwa hiyo kaa mkao wa kusoma, na kama bando lako linakata, soma hii kwanza, mengine utasoma kesho.

Ile klipu wote mmeiona. Jina simtaji, simu yangu nimeichoka kublokiwa. Ni yule staa wetu wa kiume mwenye meno mapya. Kasimama Morningside, kule Uluguru, mji kasoro bahari wote uko chini yake, kapanda baiskeli ya kushuka mlima, ile ya daunhili kweli kweli. Fremu ya kaboni. Shokapu ya mbele miguu miwili imepanda mpaka juu ya hendeli kama ya pikipiki ya mashindano. Rangi inawaka. Chini kaandika eti mnyama kaingia mjini, dola elfu 8, msiulize.

Hatukuuliza, tulipiga hesabu tu. Dola elfu 8 kwa shilingi zetu inagusa milioni 20.

Sasa rudi uangalie kichwani. KAPELO! Kofia ya kitambaa, tena kaigeuza nyuma. Miguuni raba nyeupe za kwendea klabu. Magoti wazi. Viganja wazi. Halafu akashuka kipande cha barabara ya mawe, karuka tuta moja, video ikakatwa, muziki ukapanda. Watu laki na kitu wakaweka moyo.

Mimi sikuweka moyo, na nitawaambia kwa nini.

Mdogo wangu wa kwa mama mdogo ana miaka 16. Yuko Morogoro, nyumbani kwetu. Siku tatu baada ya ile klipu kachukua baiskeli yake ya mtumba, ile ya Kijapani ya waya, breki ya mbele ilishakufa siku nyingi, akasukuma mpaka juu. Huyu angalau kichwani aliweka helmeti, ile nusu ya elfu 20 ya kukaa juu kama bakuli. Kwenye kona ya tatu breki ya nyuma ikachoka, akaenda na mdomo kwenye jiwe. Nilivyofika hospitali niliikuta ile helmeti chini ya kitanda. Haina hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni kidevu. Taya limevunjika sehemu mbili, meno mawili hayapo. Wamemfunga waya, wiki sita anakunywa uji kwa mrija. Kaandika kwenye simu yake akanionyesha: "Kaka, nilitaka kuruka kama yeye."

Sisemi staa ndiye aliyemsukuma. Dogo ana akili zake na kesi yake na mama yake inaendelea. Ila nikaingia kwenye komenti za ile klipu nione kama kuna hata mtu mmoja kauliza helmeti iko wapi. Unajua nilikuta nini? Nilikuta SIMBA NA YANGA. Watu wanatukanana eti Santa Cruz ndiyo baba lao, mwingine anasema Trek, mwingine Specialized, mwingine kaingia na Commencal, mwingine anamtukania mtu mama yake kwa sababu ya fremu ambayo wote wawili hawajawahi kuigusa. Komenti mia nne. Hakuna iliyouliza kuhusu kichwa.

Sawa. Mnataka kulinganisha baiskeli? Tulinganishe. Mimi shule niliishia fomu foo, haya mambo nimejifunza kwa bando la usiku na kwa kukaa kibarazani kwa fundi baiskeli miaka minne nikimshikia spana. Lakini nimejifunza.

Santa Cruz V10. Ile 10 ni inchi 10 za mchezo wa shokapu ya nyuma, ndivyo zilivyokuwa za mwanzo. Hii ndiyo iliyokuwa baiskeli ya Greg Minnaar, Mwafrika mwenzetu kutoka Pietermaritzburg, Afrika Kusini, bingwa wa dunia mara nne: 2003, 2012, 2013 na 2021. Ule wa 2013 aliuchukua nyumbani kwao, mbele ya watu wake, mwishoni tairi la nyuma likiwa limeisha upepo, akashinda kwa chini ya nusu sekunde.

Trek Session. Mwaka 2016 Mwingereza Rachel Atherton alishinda raundi ZOTE za Kombe la Dunia akiwa juu ya Trek. Zote. Halafu akaongeza na ubingwa wa dunia mwaka huo huo.

Commencal Supreme. Kampuni ya Andorra, kanchi kadogo kako katikati ya Ufaransa na Hispania. Amaury Pierron katwaa nayo Kombe la Dunia kwa jumla ya msimu 2018 na 2022.

Specialized Demo. Ya Loïc Bruni, Mfaransa, bingwa wa dunia mara tano. Ila mshabiki wa Demo subiri usishangilie: ubingwa wa kwanza wa huyo Bruni, 2015, alikuwa juu ya Lapierre. Kabadilisha baiskeli, kaendelea kushinda.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo inayoua mjadala wenu wote. Kuna Mmarekani anaitwa Aaron Gwin. Kombe la Dunia kwa jumla ya msimu kalichukua 2011 na 2012 akiwa na Trek. Akahamia Specialized, akalichukua 2015. Akahamia YT ya Ujerumani, kampuni inayouza mtandaoni moja kwa moja bila duka, zile ambazo nyie kwenye komenti mnaziita za bei chee, akalichukua 2016 na 2017. Mtu mmoja, kampuni tatu, makombe matano.

Na huyo huyo Gwin, 2015 kule Leogang, Austria, cheni ilikatika pale pale anapoanza. Hana cheni. Hawezi kupiga pedeli hata moja. Akashuka mlima mzima hivyo hivyo na AKASHINDA.

Jiulize mtu wangu, mchezo gani huu ambao mtu anashinda bila cheni? Ni mchezo ambao mwendo unapewa bure na mlima. Mwendo haununuliwi. Unachonunua ni uwezo wa kuupunguza na uwezo wa kutua salama. Gwin bila cheni kaenda jukwaani. Mtoe breki uone anakwenda wapi.

Kwa hiyo baiskeli ya dola elfu 8 na ya dola elfu 4 zinatofautiana nini? Zinatofautiana, sikatai, mimi sio mnafiki. Ile ya juu fremu ni kaboni, ya chini mara nyingi ni alumini. Shokapu za juu zina marekebisho mengi zaidi, unachezea jinsi inavyobonyea na jinsi inavyorudi. Rimu nyepesi. Lakini angalia vinavyofanana: zote zina karibu milimita 200 za mchezo mbele na nyuma. Zote mguu wa mbele umelala sana ili usipinduke kwenye mteremko mkali. Siku hizi nyingi zinatumia tairi la inchi 29 mbele, na nyuma 29 au 27.5. Hata shokapu zenyewe, Fox 40 au RockShox BoXxer, unazikuta kwenye kampuni tofauti tofauti. Mnatukaniana stika!

Minnaar alipokuwa analipiwa kaboni ni kwa sababu yeye alikuwa anashinda au kushindwa kwa chini ya nusu sekunde. Alikuwa anatafuta vipande vya sekunde. Staa wetu anatafuta nini Morningside? Anakimbizana na nani? Na kivuli chake?

Halafu kuna jambo hamjaambiwa. Baiskeli ya daunhili HAIPANDI. Ina kilo 16, 17, na kuendelea. Gia nyingi ni saba tu, zote za kukimbilia. Kule Whistler Canada au Les Gets Ufaransa unaikalisha kwenye lifti inayokwenda kwa kamba, inakupandisha mlimani na baiskeli yako, unashuka, unarudi tena. Huku kwetu lifti ni bodaboda au fuso la mboga. Kwenye lami ya Masaki au Msasani hiyo baiskeli ni mzigo, inabonyea kama godoro kila ukikanyaga pedeli. Kijana wa mjini mwenye pesa yake anayetaka kwenda Pugu wikiendi, akapande na kushuka mwenyewe, baiskeli ya milimita 130 au 150 itampa raha mara mbili kwa nusu ya bei. Kununua daunhili ukaishi Dar ni kununua boti ukaishi Dodoma.

Tuje sasa kwenye kinachonitoa povu. VIFAA.

Helmeti. Kwenye mashindano ya daunhili ya UCI, helmeti ya uso mzima, inayofunika mpaka kidevu, ni LAZIMA. Sio ushauri, ni sheria, kwenye mbio na kwenye mazoezi. Minnaar mwenye makombe yote yale haruhusiwi kufanya alichofanya staa wetu. Helmeti ya baiskeli inayouzwa Ulaya kwa kawaida inakuwa na alama EN 1078. Ya daunhili itafute na alama ASTM F1952, hicho ni kipimo cha mchezo huu hasa, kinapima mpaka ile sehemu ya kidevu. Ukikuta na MIPS ndani, ile tabaka ya kuteleza inayopunguza kichwa kuzungushwa ukianguka ubavu, vizuri zaidi.

Na hapa bei isikutishe. Zipo za kaboni za dola 500 na zaidi, nyepesi, nzuri, za mastaa. Lakini zipo za dola 150 mpaka 250 zenye alama ile ile ya ASTM. Tofauti kubwa ni uzito, upepo na urembo. Kipimo cha kupondwa wote wamekipita. Nasema hivi kwa wale wanaodhani helmeti nzuri ni ya tajiri tu: kwa mtu aliyenunua baiskeli ya milioni 20, helmeti ya laki tano ni pesa ya kujazia mafuta.

Halafu jueni hili: helmeti ya baiskeli ni ya ajali moja. Lile povu gumu la ndani linajiponda ili ubongo wako usipondwe, na likishaponda halirudi. Kwa hiyo ukinunua mtumba hujui imeshakufa mara ngapi. Baiskeli nunua mtumba, helmeti nunua mpya. Na zile za elfu 20 zenye stika ya alama iliyobandikwa kama bei ya mkate, ivue, ibonyeze ndani kwa kidole. Ukikuta sponji laini tupu hakuna povu gumu, hiyo ni bakuli. Jamaa aliyemuuzia mdogo wangu alimwambia ni ya mashindano. Mashindano ya nini, ya kula?

Breki. Baiskeli za daunhili zinatumia breki za mafuta, pistoni nne kila gurudumu, na sahani kubwa ya milimita 200 au zaidi. Shimano Saint, SRAM Code, Magura MT7, zote zinasimamisha. Mnachotakiwa kujua wabongo ni MAFUTA. Shimano na Magura zinatumia mafuta ya madini. SRAM Code inatumia DOT, ukoo mmoja na mafuta ya breki ya gari. SRAM Maven iliyotoka 2024 inatumia ya madini. Ukiweka DOT kwenye Shimano, zile raba za ndani zinavimba na kuharibika, breki inakufa, na haikuambii inakufa lini. Nimeona kwa macho fundi mmoja mjini anamimina mafuta ya gari kwenye breki ya baiskeli ya mzungu. Fundi wangu mimi alivyosikia alishika kichwa akasema, "Mdogo wangu, huyo kamchimbia mwenzie kaburi na kapokea na hela."

Tairi. Hapa nina furaha kidogo. Moja ya tairi zinazopendwa sana daunhili ni Maxxis Assegai, ilitengenezwa kwa kushirikiana na Minnaar, na jina lake ni mkuki wa Kiafrika. Meno makubwa, raba laini inayong'ang'ania mawe. Tairi jipya la mbele kwenye baiskeli ya kawaida linakusaidia kuliko fremu ya kaboni yenye tairi lililoisha.

Magoti, viwiko, mgongo. Tafuta alama EN 1621. Siku hizi kuna zile za D3O, ukishika ni laini kama ufizi, zikigongwa zinakaza. Glavu za vidole vyote, maana ukianguka kitu cha kwanza kugusa chini ni kiganja. Miwani ya kufunga, sio ya jua ya kuuzia sura. Viatu vya soli bapa inayoshika pedeli. Ile kola ya shingo waliyoianzisha Leatt wa Afrika Kusini ina ubishi wake, wengi kwenye Kombe la Dunia wameacha kuivaa, kwa hiyo siilazimishi. Kidevu nalazimisha.

Sasa najua mtakuja. Ngoja niwajibu kabla hamjaandika.

"Una wivu." Ndio, ninao. Baiskeli nzuri naipenda, ningepewa ningelala nayo. Ila wivu wangu haujamvunja mtu taya.

"Ni pesa yake." Ni yake. Klipu ni yetu, katuwekea sisi, na kila mtazamo anaingiza hela. Ukimfundisha mtu kwa kuonyesha, umemfundisha.

"Ilikuwa tuta dogo tu, hakushuka mlima mzima." HASWA! Yeye alishuka mita thelathini mbele ya kamera, gari la kumrudisha linamsubiri. Mdogo wangu hakujua hilo. Yeye alishuka mlima wote.

"Helmeti inaficha sura." Hili ndilo jibu la kweli, na nasikia ndilo alilolisema mwenyewe kwa watu wake. Kaka, sura unayoificha ndiyo unayoilinda. Hayo meno mapya nasikia nayo sio bei ndogo.

Kwa hiyo, wadau, mpangilio wangu ndio huu, nakili uweke kwenye simu.

Una milioni 10 na kweli unataka daunhili: chukua ya alumini ya zile kampuni za kuuza mtandaoni, au mtumba ya Ulaya iliyokaguliwa nyufa kwenye maungio na shokapu isiyovuja. Kabla hujalipa, toa milioni moja na nusu pembeni ya mwilini. Hiyo usiiguse.

Una milioni mbili: sahau daunhili. Tafuta ya mlima ya kawaida, breki za mafuta, tairi zuri la mbele, helmeti ya uso mzima.

Una laki tatu na baiskeli yako ya mtumba: breki zote mbili zifanye kazi, waya mpya, raba mpya. Kinachobaki kiende kichwani. Kama ya baiskeli ya uso mzima huwezi, hata ya pikipiki ya uso mzima yenye alama halisi ya ECE. Ni nzito na inachemsha kama sufuria, lakini kidevu kinakuwa ndani. Na ushuke taratibu.

Huna kitu kabisa: shuka kwa miguu na mimi, tutapiga stori.

Namalizia kwa staa wetu, najua unasoma, watu wako huwa wanakutumia. Sikuombi ufute klipu. Nakuomba urudi Morningside na baiskeli ile ile, kamera ile ile, muziki ule ule. Vaa helmeti ya uso mzima, vaa magoti, vaa glavu. Ifunge mkanda mbele ya kamera, taratibu, tuone. Ruka tuta lako. Itapata mioyo ile ile, na mimi wa kwanza nitaweka wangu, na hii posti nitaandika chini yake kwamba nilimsema na alisikia.

Dogo yuko wiki ya tatu. Jana kaniandikia ananiuliza ile helmeti ya ASTM bei gani. Nimemwambia asubiri kwanza aanze kutafuna ugali.

Haya, uwanja ni wenu. Komenti hapo chini. Ila wa V10 na wa Session, kabla hamjaanza kutukanana, kila mmoja aandike kwanza: kichwani unavaa nini?